Namna ya kumgundua na kumzuia dereva anayeingia barabara kuu kupitia njia ya kutokea

Kazi hii ianze usiku. Ukipewa jukumu la kukagua njia ya kutokea ya barabara kuu, usiende saa nne asubuhi jua likiwa limechomoza na kila kibao kinasomeka. Nenda saa nane usiku, kwa gari dogo, taa zikiwa zimeinamishwa kama anavyoziinamisha dereva wa kawaida. Mimi ni fundi wa vibao na sensa za barabarani, yaani vifaa vinavyohisi gari likipita, na huu ni mwaka wangu wa 16. Makosa makubwa niliyowahi kuyakamata niliyakamata saa hizo, nimekaa kwenye kiti cha dereva, nikijiuliza swali moja tu: mtu aliyechoka, aliyelewa au aliyepotea, hapa angeona nini?

Ninachozungumzia ni gari linalotoka barabara ya kawaida, likakunja kwenda barabara kuu, likaingia kwenye njia ambayo magari yanatokea. Sekunde chache baadaye liko barabara kuu, linakwenda kinyume na wenzake wote. Ajali za namna hii si nyingi zikilinganishwa na ajali nyingine, ila zikitokea zinaua, kwa sababu magari mawili yanakutana uso kwa uso na mwendo wa kila moja unajumlishwa. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitoa ripoti mwaka 2012 ikaonyesha kuwa nchini humo walikuwa wanakufa watu takriban 360 kila mwaka kwa ajali hizi. Zaidi ya nusu ya madereva waliokuwa wakienda kinyume walikuwa wamelewa. Wazee wa zaidi ya miaka 70 nao walikuwa wengi kuliko ambavyo idadi yao barabarani ingekufanya utarajie. Na mengi ya matukio haya hutokea usiku, hasa kuanzia saa sita usiku hadi karibu na alfajiri.

Mweke akilini mtu huyu kabla hujanunua kifaa chochote. Mlevi hatazami pembeni. Watafiti wa Texas waliwahi kuwapima madereva waliokunywa pombe, kwenye barabara iliyofungwa, wakakuta kwamba macho yao yanaganda kwenye lami iliyo mbele ya gari, na kwamba inabidi wasogee karibu zaidi ndipo wasome maandishi ya kibao. Mzee asiyeona vizuri usiku anaona vibao, lakini vikiwa vingi mahali pamoja vinamchanganya. Yuko pia mtu mzima wa akili, hajalewa, ila ni mgeni wa makutano yale na anakunja kwenye mdomo, yaani mwanzo wa njia, ulio mmoja kabla ya ule aliokuwa anautafuta. Huyu wa tatu ndiye rahisi kumsaidia, na kwa bahati yale yanayomsaidia yanawasaidia na wale wawili.

Mdomo wa njia

Simama kwenye barabara ya kawaida, mahali ambapo dereva anaanza kufikiria kukunja. Jiulize: mdomo wa kuingilia unaonekana? Watu wengi wa kazi yetu huanza na kukataza, wanapigilia vibao vyekundu kwenye njia ya kutokea wakidhani wamemaliza. Lakini dereva yule hatafuti njia ya kutokea. Anatafuta mahali pa kuingilia, na kama hapo mahali pamefichwa na giza, atachukua uwazi wowote ulio karibu. Kwa hiyo angaza mdomo wa kuingilia kuliko mdomo wa kutokea. Kibao kinachotaja barabara kuu na mshale wake kiwekwe pale pale pa kukunja, kisiwekwe mita 60 kabla, mahali ambapo kitu cha kwanza anachokutana nacho baada ya kukisoma ni mdomo usio wake.

Makutano yanayonipa wasiwasi zaidi ni yale ambayo njia ya kuingilia na ya kutokea zimelala sambamba, upande mmoja wa barabara, zikitenganishwa na kisiwa chembamba. Usiku zinaonekana kama barabara moja pana yenye pande mbili. Hapo ongeza upana au urefu wa kisiwa ikiwezekana, weka ukingo wa zege ulioinuka na upakwe rangi, na usogeze mstari wa kusimamia wa magari yanayotoka ili taa zake zionekane na anayekaribia. Gari moja lililosimama kwenye mdomo wa kutokea, taa zake zikimulika nje, ni onyo zuri kuliko vibao vinne. Tatizo ni kwamba saa nane usiku mara nyingi hakuna gari lililosimama pale.

Kona nazo zina lugha yake. Kona iliyolegea, yenye mviringo mpana, inamkaribisha mtu akunje bila kupunguza mwendo. Kona kali inamlazimu apunguze, azungushe usukani sana, na katika kuhangaika huko anapata nafasi ya kushtuka. Kwa hiyo kwenye mdomo wa kutokea, ule upande ambao mtu angeukunjia kimakosa uwe mkali kadiri malori yanayotoka yanavyoruhusu. Na kama barabara ya kawaida inaweza kuwekewa kisiwa cha katikati kinachopita mbele ya mdomo wa kutokea bila kukatika, basi umemfungia kabisa yule anayekunja kwa kuvuka barabara. Hakuna sensa itakayofanya kazi kubwa kama ukingo huo wa zege, nao hauhitaji umeme.

Nitaeleza kosa moja ambalo lilituchukua miezi mitatu kuliona. Kulikuwa na njia ya kutokea iliyokuwa ikileta tahadhari ya gari kuingia kinyume mara mbili au tatu kwa mwezi. Vibao vilikuwa vizuri, taa zinawaka, nyasi zimekatwa. Tulitazama video moja baada ya nyingine, na kila mara gari lilikuwa linakunja kwa utulivu, bila kusitasita, kana kwamba limeelekezwa. Usiku mmoja mwenzangu alishuka akatembea kwenye barabara ya kawaida na tochi, akaniita. "Dada, njoo uone hapa chini." Kwenye njia ya kukunjia kulikuwa na mshale wa kona uliochorwa kwenye lami, mpya, mweupe sana, hatua kama 25 kabla ya mdomo wa kutokea. Ulikuwa umekusudiwa mdomo wa kuingilia ulio mbele zaidi. Dereva alikuwa anatii mshale! Tuliufuta, tukachora mshale wa kwenda moja kwa moja kabla ya mdomo wa kutokea, na mshale wa kona tukausogeza mbele baada ya mdomo huo kupita. Miezi iliyofuata tahadhari pale zilikuwa za nadra. Tangu siku hiyo, kila ninapokagua natembea na miguu yangu na kusoma lami kabla sijasoma vibao.

Vibao

Alama ya duara jekundu lenye mstari mweupe katikati inajulikana karibu dunia nzima, imo kwenye Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama za barabarani. Iweke pande zote mbili za mdomo, isiwe upande mmoja, na uigeuze imtazame anayekuja kukunja. Hapo ndipo ninapokuta makosa mengi: kibao kimesimamishwa sambamba na mdomo, kimeelekezwa moja kwa moja nje, wakati dereva anakikaribia kwa pembe. Taa za gari lake hazikigongi sawasawa hadi awe ameshakunja. Dawa yake ni bisibisi na dakika kumi.

Baada ya hivyo viwili, ndani zaidi ya njia, weka vingine viwili vyenye maneno ya kumwambia amekosea. Hivi ni vya mtu ambaye tayari ameingia. Austria wanatumia bao kubwa la njano kali lenye mkono mweusi ulionyooshwa kumzuia mtu, na ukiliona mara moja hulisahau.

Kuhusu kimo. California ilianza kuvishusha vibao hivi zamani, vikawekwa chini ya kimo cha kawaida, ukingo wa chini wa kibao ukiwa karibu sentimita 60 kutoka ardhini. Sababu ni rahisi: taa zikiinamishwa zinamulika lami, na kibao cha juu kinapata makombo ya mwanga. Kibao cha chini kinaingia moja kwa moja kwenye mwanga huo, tena kiko karibu na pale macho ya mlevi yalipoganda. Nakubaliana na jambo hili, ila lina masharti. Kibao cha chini kinafichwa na nyasi, na theluji kwa nchi zenye theluji, na gari lililoharibika likaegeshwa pembeni. Nguzo yake lazima iwe ya aina inayokatika au kulala ikigongwa, na kimo chake kiwe kimepimwa, maana kibao kilicho sawa na kioo cha mbele kinaweza kuingia ndani ya gari. Na kushusha peke yake hakutoshi. Mimi huongeza ukubwa wa kibao, na nguzo naivika riflekta nyekundu kutoka juu hadi chini, ili hata asiyesoma neno aone mistari miwili myekundu imesimama mbele yake.

Lami ichukuliwe kama kibao cha tatu. Mishale mikubwa inayomwelekea anayekosea iliyojazwa riflekta, na riflekta za lami zenye rangi mbili: anayetoka sawasawa aone nyeupe au njano, anayeingia kinyume aone nyekundu. Zikiwa safi, mtu anayekosea anaona sakafu nzima imegeuka nyekundu. Zikichakaa hazionyeshi chochote, na hakuna anayelalamika, kwa sababu wanaozipita kila siku wanaona ule upande mwingine.

Kugundua

Sasa ndipo tufike kwenye sensa, na kabla ya kuchagua sensa shika kalamu upige hesabu ya sekunde.

Chukua njia ya kutokea yenye urefu wa mita 300. Gari linaloingia kinyume kwa kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Ukilikamata mita 30 baada ya mdomo, limebakiwa na mita 270, yaani sekunde 19. Likienda kilomita 70 kwa saa, sekunde 14. Ndani ya sekunde hizo, mhudumu wa zamu kwenye kituo cha kusimamia barabara asikie mlio, ageuke, afungue picha, aelewe anachokiona, kisha abonyeze kitufe. Nimewapima wahudumu wazuri kabisa, walio macho, na wengi wao wanamaliza gari likiwa limeshafika barabara kuu. Ndiyo maana nasisitiza: taa za kibao ziwashwe na sensa yenyewe, palepale, bila kumsubiri binadamu. Binadamu aitwe wakati huohuo kwa ajili ya hatua inayofuata.

Mpangilio ninaouamini una sehemu mbili. Sensa ya kwanza iko karibu na mdomo na kazi yake ni kuwasha taa nyekundu zinazomweka kuzunguka kibao. Sensa ya pili iko ndani zaidi, baada ya kibao, na kazi yake ni kuuliza: je, amegeuka? Kama gari halijafika sensa ya pili, huenda limesimama na kurudi. Likifika, hiyo ndiyo tahadhari kamili inayopaswa kupiga kelele kituoni, ikiambatana na video fupi inayoanza sekunde kumi kabla ya tukio. Kwa mtindo huu mhudumu haamshwi kwa kila gari lililosita mdomoni, na wewe unapata takwimu yenye thamani kuliko zote: wangapi waligeuka wenyewe baada ya taa kuwaka, na wangapi waliendelea. San Antonio, Texas, walipoanza kuweka vibao vyenye taa za kumweka pembeni mwaka 2011 na kuendelea, matukio ya kwenda kinyume kwenye kipande cha barabara walikoviweka yalipungua kwa takriban theluthi moja. Ni punguzo kubwa, na pia linakuambia kuwa wengine wanapita hata taa zikiwaka. Usijenge mpango wako ukidhani kibao kitawasimamisha wote.

Kuhusu aina ya sensa, rada ni nzuri kwa sababu inajua mwelekeo na mwendo kwa asili yake na haijali giza. Kasoro yake ni kuona zaidi ya inavyotakiwa: ukiielekeza vibaya inakamata magari ya njia ya kuingilia iliyo jirani, ambayo yanakwenda upande ule ule ambao kwako ni kinyume. Nyaya za kuhisi zilizofukiwa chini ya lami ni sahihi sana zikiwa mbili mbili, maana kompyuta inaangalia ipi imeguswa kwanza, lakini pikipiki ikipita pembeni inaweza kuponyoka, na lami ikikarabatiwa nyaya hukatwa. Kamera ya kawaida husumbuliwa na vivuli na taa zinazoakisi kwenye maji. Kamera ya joto haina shida hiyo, inaona joto la gari hata usiku wa manane bila taa yoyote. Arizona walizindua mfumo wa namna hii Januari 2018 kwenye barabara ya I-17 pale Phoenix, kilomita 24, kamera za joto 90. Mfumo huo unawasha kibao, unaita kituo na polisi, na unazigeuza nyekundu taa zinazoruhusu magari kuingia barabara kuu ili kuzuia wengine wasijiunge na hatari. Ningekuwa na uwezo wa kuchagua sehemu moja tu ya kuiga kutoka kwao, ningechagua hiyo ya mwisho.

Ukiwa na fedha kidogo, changanya: rada mdomoni, kamera ya joto ndani. Mbili zikikubaliana, una uhakika.

Kujaribu mfumo

Usipokee mfumo kwa kuoneshwa skrini. Funga njia kwa utaratibu wa kawaida wa kufunga barabara, weka walinzi pande zote mbili, kisha wewe mwenyewe endesha kinyume. Endesha kwa 20, kwa 40, kwa 60. Endesha gari dogo, lori, pikipiki. Pita katikati, kisha pita ukiwa umeegemea ukingo, maana mlevi hapiti katikati. Zima taa kabisa upite, kwa sababu wako wanaosahau kuwasha. Kisha fanya lile linalosahauliwa na wengi: ingia sawasawa kama unatoka barabara kuu, simama, rudi nyuma mita 40. Dereva aliyetokea mahali pasipo pake na kuamua kurudi kinyumenyume ni wa kweli, na mfumo lazima ujue la kufanya naye. Mwisho, jaribu wakati magari yanatoka kwa wingi, foleni ikiwa imefika hadi kwenye sensa. Hapo ndipo mifumo mingi huanza kubabaika.

Andika kila jaribio: saa, aina ya gari, mwendo, sekunde ngapi hadi taa ziwake, sekunde ngapi hadi mlio usikike kituoni. Msimamo wangu ni majaribio 30 mfululizo bila kukosa hata moja. Wauzaji huniambia ninazidisha. Lakini mfumo ukikosa gari moja kati ya 30 mbele ya fundi wake, siku ya mvua, vumbi na betri chovu utakosa mangapi?

Milio ya uongo ndiyo inayonikosesha usingizi. Nina daftari nimeandika vyanzo vyake kwa miaka: wakata nyasi, gari la kuvuta magari linalorudi nyuma, watembea kwa miguu wanaokatiza, mfuko wa plastiki ulionaswa kwenye uzio na upepo, tawi, buibui aliyejenga mbele ya kamera. Kituo kimoja nilichokihudumia kilikuwa na njia iliyolia mara sita au saba kwa usiku. Nilipofika kwa ukaguzi nikakuta sauti ya tahadhari ya njia ile imezimwa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Wahudumu walikuwa wamechoka, na kila walipofungua picha walikuta tawi. Sikuweza kuwalaumu, nilijilaumu mimi, kwa kuwa tawi lile lilikuwa kazi yangu. Nilikaa pale hadi alfajiri nikilifanyia kazi na niliporudi nyumbani bado nilikuwa nawaza ni magari mangapi yangeweza kupita katika siku zile ambazo sauti ilikuwa imezimwa. Kwa hiyo weka kikomo: njia ikilia kwa uongo zaidi ya mara moja kwa wiki, ichukuliwe kuwa imeharibika, fundi aende. Na sauti ya tahadhari isiwe na kitufe cha kuizima moja kwa moja. Iwe na cha kuinyamazisha kwa tukio hilo tu.

Kituoni

Mara gari likifika barabara kuu, hesabu inabadilika. Kwa kilomita 100 kwa saa linakwenda zaidi ya kilomita moja na nusu kila dakika, na wanaokuja mbele yake nao wanakwenda hivyo hivyo. Dereva aliye umbali wa kilomita 5 atakutana nalo ndani ya dakika moja na nusu. Maandishi ya vibao vya kielektroniki yawe yameandikwa tayari, kwa kila njia ya kutokea, yakisubiri kubonyezwa mara moja. Mhudumu asitunge sentensi usiku ule. Maandishi yawe mafupi: kuna gari linakuja kinyume, punguza mwendo, hamia njia ya pembeni.

Kwa nini njia ya pembeni? Anayekwenda kinyume, akili yake inamwambia yuko mahali sahihi, kwa hiyo anakaa upande aliozoea, ule wa magari ya polepole. Lakini kwa wanaokuja, upande huo ni ule wa katikati, njia ya kupitana, ambako magari yao yaendayo kasi kuliko yote yanapita. Ni hivyo katika nchi zinazoendesha kushoto na zinazoendesha kulia. Mwambie hili kila dereva unayemfahamu: usiku wa manane, kama hupiti gari jingine, rudi njia ya pembeni.

Ujerumani wanamwita dereva huyu Geisterfahrer, dereva mzimu, na redio zao hukatiza matangazo kuwatahadharisha watu. Ni jambo la kuigwa popote palipo na redio inayosikilizwa na madereva. Namba ya simu ya dharura nayo ihusishwe: mara nyingi mtu wa kwanza kuliona gari hilo ni dereva mwingine, na kituo kinapaswa kupokea taarifa ya polisi ndani ya sekunde chache.

Kila mwaka mtu huniuliza kwa nini tusiweke misumari itakayopasua matairi ya anayekosea. Naelewa hasira iliyo ndani ya swali hilo. California ilijaribu misumari hiyo miaka ya 1960. Matairi hayakuisha upepo haraka kiasi cha kulizuia gari kufika barabara kuu. Misumari ilivunjika kwa wingi wa magari, vikabaki vipande vya kuharibu matairi ya wasio na kosa. Na baadhi ya waliokuwa wanatoka sawasawa, walipoiona, walifunga breki. Ongeza na gari la wagonjwa au la zimamoto ambalo siku moja litalazimika kupita hapo kinyume kwa idhini. Fedha za misumari zinunulie zege la kisiwa.

Kutunza

Hapa ndipo kazi ilipo, miaka na miaka baada ya uzinduzi. Mimi hupita kila njia mara moja kwa mwezi usiku, na mara moja baada ya kila mvua kubwa. Nina futi, tochi, brashi, kitambaa, kifaa cha kupimia wima na daftari. Naosha uso wa kibao, kwa sababu moshi na vumbi vinaua riflekta kabla ya jua kuiua. Napima kimo, maana udongo hupanda na nguzo huzama. Nasukuma nguzo kwa mkono kuona kama imelegea. Nawasha taa za kibao kwa kupita na gari, siwashi kwa kitufe cha majaribio, kwa kuwa kitufe kinathibitisha taa tu, hakithibitishi sensa. Napiga simu kituoni papo hapo na kumwuliza mhudumu, bila kumtajia jina la njia: "Shikamoo mzee, umepata nini sasa hivi, na wapi?" Akinitajia njia nyingine, ramani yao ina kosa, na kosa hilo usiku wa tukio lingewapeleka polisi upande usio sahihi. Limeshanitokea mara mbili.

Kisha natazama video za mwezi mzima za waliogeuka wenyewe. Naangalia hasa taa za breki zinawaka wapi. Zikiwaka kabla ya kibao cha kwanza, mdomo unajieleza. Zikiwaka kwenye kile cha pili, cha kwanza hakionekani, na natafuta sababu. Mwezi uliopita kwenye njia moja magari yote manne yaliyogeuka, taa zake za breki zilikuwa zinawaka kwenye cha pili. Nilikwenda, nikazima injini, nikakaa. Kibao cha kwanza upande wa ndani kilikuwa kizima, kisafi, kimenyooka, na taa mpya ya barabarani iliyofungwa na watu wa idara nyingine ilikuwa inawaka nyuma yake sawasawa, ikimpiga dereva machoni. Nimeandika barua waikunje ile taa nyuzi chache. Wakati nasubiri majibu nimekisogeza kibao mita mbili na kuivika nguzo yake riflekta nyekundu, na kesho saa nane usiku naenda kuangalia tena.